Mwangamizi Atafika Jumanne

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mji wa Louisville umemwajiri mtu anayeitwa Mwangamizi. Halikuwa jina la utani. Kilikuwa cheo, kama vile dereva au mwalimu. Alikuwa na sare, na gari jeupe, na bila shaka siku zake za likizo, na kazi yake ilikuwa kupita mlango kwa mlango akimtafuta mtu aliyeleta wadudu nyumbani, amchukue, ampeleke Ohio. Niliamini pia kwamba Mwangamizi hawezi kumgusa mtu ambaye mlango wake umepakwa mawese. Imani ya kwanza ilinitoka ukubwani. Ya pili nimekaa nayo mpaka mwaka huu, mimi baba wa watoto wawili, mwenye cheti cha shule ya usiku kilichotundikwa sebuleni katika fremu kubwa kuliko televisheni. Usinicheke bado. Subiri nimalize, unicheke kwa mpango.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Tumenunua nyumba Black Rock, huku Buffalo, nyumba ya mbao ambayo sakafu yake inateremka kiasi kwamba ukiangusha limau jikoni utaliokota sebuleni. Majira haya ya joto sisimizi walituingilia. Nasema sisimizi, lakini lile lilikuwa taifa zima, lina bendera na jeshi. Walipanda kwenye fremu ya mlango wa mbele kwa mstari, mchana kutwa, na mke wangu Jeanne akawa anauliza kwa nini nyumba zote za mtaa ziko salama isipokuwa yetu. Mimi nilijua kwa nini, nikanyamaza. Nitalisema mwishoni, kwa kuwa linaniaibisha. Jeanne akaita mtu wa dawa. Kijana akaja na mtungi wake mgongoni, akapuliza mara moja tu kwenye kizingiti, na ile harufu, kama mafuta ya taa yaliyochemshwa pamoja na peremende, ikanishika puani na kunivuta miaka yote hiyo nyuma hadi Newburg, mtaa wa Louisville, kwenye nyumba yetu ya kwanza, kwa Koko.

Koko ndivyo sisi wa Kivu tunavyomwita bibi. Wangu alikuwa mama wa mama yangu, mrefu, mwembamba, mwenye macho ambayo huko kwetu milimani yaliweza kumwona ndama aliyepotea kwenye kilima cha tatu. Newburg hakuna vilima. Kulikuwa na majengo ya ghorofa mbili yaliyofanana kama mayai, na katikati yake uwanja wa kuegesha magari. Koko akahamishia macho yake hapo. Alikaa dirishani akichunga magari ya watu. Alilijua kila moja kwa rangi yake, kovu lake na tabia yake. Akiona mtu kachelewa kurudi, husema, "Ile nyekundu yenye shavu lililobonyea haijaingia. Mwenyewe aitafute." Sidhani kama mji wa Louisville umewahi kupata mlinzi wa namna hiyo bila kumlipa.

Tulikuwa watatu: Koko, mama na mimi. Mama alifanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku, akarudi alfajiri. Mlango wetu ulikuwa umevimba kwa unyevunyevu wa Kentucky, unakwama juu na upande wa kitasa, na bawaba zake zilikuwa zimekauka, kwa hiyo kila alfajiri mama aliusukuma kwa bega nao ukalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamka. Ninyi wa rika langu, mliofika huku kutoka kambini na jaketi la kuazimwa, mnazijua nyumba hizo za kwanza. Mna meza, mna viti vya chuma, mna vikombe vipya ambavyo mama hataki vitumike, na hakuna mahali pa mzee mwenye magoti mabovu kukaa akapumzika.

Basi siku moja mimi na Koko tulipeleka taka, na kando ya lile pipa kubwa tukakuta kiti. Kilikuwa cha kijani, laini, mikono yake minene kama mapaja ya askofu. Nimeona viti vingi tangu hapo, vingine vya ngozi, vingine vinatikisika kwa umeme, lakini kama kile sijaona. Koko alikizunguka mara mbili, akakipiga ngumi tumboni, akakikalia pale pale, kati ya mifuko ya taka.

"Nchi gani hii," akasema, "inatupa kiti cha chifu?"

Tukakibeba. Kilikuwa na uzito wa tembo aliyeshiba. Mimi nilishika miguu, Koko alishika kichwa, tulipumzika mara kumi na saba kabla ya kufika mlangoni, na kila tulipopumzika Koko alikikalia kidogo ili kuangalia kama bado ni kizuri. Kikawekwa dirishani. Kuanzia siku hiyo alichunga magari akiwa ameegemea, mikono imekaa kwenye mikono ya kiti, na mimi nilikaa chini nikiegemeza kichwa kwenye goti lake. Raha ile siwezi kuieleza.

Baada ya majuma mawili tukaanza kujikuna.

Mama aliinua godoro, akatazama kwenye mishono, akasema neno moja ambalo hakuwahi kulisema mbele ya Koko. Kunguni. Akaenda ofisini kwa wasimamizi wa majengo akajieleza kwa mikono na kwa Kiingereza chake cha ghalani. Siku chache baadaye tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni, na ajabu ya maajabu, imeandikwa Kiswahili! Tulifurahi kama watu waliopigiwa simu na rais. Miezi minne tumekaa Marekani na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchi kutusemesha kwa lugha yetu. Mama alikuwa amechoka, akaenda kulala. Koko akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ileile aliyosomea Biblia:

"Tangazo. Mwangamizi atafika nyumbani kwako siku ya Jumanne asubuhi. Usimzuie. Ondoa watoto, wazee na wanyama. Fungua makabati yote. Chanzo kitatafutwa na kuondolewa."

Akavua miwani. Akanitazama mimi, akaitazama karatasi, akasema, "Eh." Kisha akaikunja mara nne akaitia ndani ya Biblia.

Hata leo sijui nani aliitafsiri ile karatasi. Pengine mashine, pengine mtu mwema aliyekuwa na haraka. Mwombe mtu akutafutie neno la Kiswahili la yule anayeua wadudu kwa dawa, na akikosa, atakupa neno zito kuliko yote yaliyo karibu. Lakini fikiria lilivyotua kwetu. Sisi tulitoka mahali ambapo watu walikuja asubuhi kuangamiza, na hawakuwa wanatafuta kunguni. Na Jumapili iliyotangulia tu, mwalimu wetu wa watoto kanisani alikuwa amefundisha habari za Misri: jinsi Mwangamizi alivyopita usiku ule, na jinsi walivyookoka wale waliopaka damu, nyekundu, kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu. Mimi nikajumlisha moja na moja nikapata mia.

Nikampelekea Esperance habari. Huyo alikaa juu yetu, alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa familia yao ilitutangulia mwaka mzima, alikuwa balozi wa Marekani kwa watoto wote wa jengo. Nikamsomea karatasi kwa kichwa, maana nilikuwa nimeishika neno kwa neno.

"Mwangamizi namujua," akasema Esperance. Hakumjua hata kidogo. "Iko na gari nyeupe. Chanzo, unajua chanzo ni nini?"

"Ni pale kitu kinapoanzia."

"Weye ni mugeni, hujui kitu. Chanzo ni mutu. Ni ule wa kwanza aliyeleta badudu mu nyumba. Bon, kwenu nani alileta?"

Nikakiona kiti cha kijani. Nikamwona Koko amekikalia kati ya mifuko ya taka, anacheka.

"Wakimpata wanampeleka wapi?" nikauliza.

Esperance akafikiri kidogo. Mjomba wake alikuwa amekwenda Ohio mwaka uliopita na hakurudi. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alioa huko, basi. "Ohio," akasema. "Donc, hakuna anayerudi."

Ningeweza kumuuliza mama, utasema. Nilimuuliza. Alikuwa amejilaza, macho nusu, akasema, "Ni watu wa dawa tu, watapuliza waende. Hakuna kitu. Tulia." Na hapo ndipo niliogopa kikweli. Kwa sababu katika maisha yangu yote mafupi, kila mtu mzima aliponiambia "hakuna kitu, tulia", kilichofuata ilikuwa kutafutiwa viatu na kukimbia.

Koko naye nilimuuliza, kwa kuzunguka. "Koko, kuna watu wanaokuja kwenye nyumba za watu kutafuta wadudu?"

Akacheka. "Wapo tangu zamani, bwana yangu. Nilipokuwa mtoto kama wewe walikuja hadi kwetu, tukawaita watu wa hygiène, yaani wa usafi. Mzungu mmoja na daftari, na vijana watatu na mabomba ya kupulizia. Walitupanga mstari, wakubwa kwa wadogo. Bomba linaingia huku kwenye kola, fuuu! Linaingia kwenye mkono wa shati, fuuu! Unga mweupe. Baba yangu alitoka pale kama maandazi yaliyomwagiwa unga. Tulipiga chafya mpaka ng'ombe wakakimbia."

"Na nyumba?"

"Nyumba pia. Waliponyunyiza ya jirani walikuta viroboto wengi, wakatoa vitanda vyake nje wakavichoma moto."

Aliendelea kusimulia kwa kicheko, akaigiza chafya ya kila mtu wa kijiji, lakini mimi sikusikia tena. Nilibaki kwenye moto. Watu, daftari, mstari, moto. Kumbe ni wale wale, wamemfuata hadi Newburg!

Siku tatu niliishi kwa hofu. Shuleni sikusikia kitu, na Kiingereza nilichokuwa nimekipata kwa miezi minne kikaanza kuvuja. Nyumbani niligoma kukaa mbali na Koko. Akienda jikoni nipo, akienda chooni nipo mlangoni nahesabu kwa sauti ili ajue nipo. Nililala kitanda kimoja naye, na kila alfajiri mama aliporudi na mlango kulia, niliruka nikamkumbatia Koko shingoni kwa mikono miwili kiasi cha kumkaba, nikisema, "Amefika, amefika." Nilikuwa nimejipangia kwamba wakimchukua itabidi watuchukue wawili, kama mtu anayechukua kiti na kukuta paka kalala juu yake.

Jumatatu nikarudi kutoka shule, nikamkuta Koko amepanda juu ya kiti cha chuma mlangoni, na magoti yake yale, na mkononi ana kikopo cha mawese. Mawese ya kupikia, mekundu, yale tuliyonunua kwa Wakongo wenzetu na ambayo mama aliyapima kwa kijiko kama dawa. Anachovya kitambaa, anapaka. Akapaka upande huu, akapaka upande ule, akapaka juu. Mafuta yakawa yanateremka kwenye rangi nyeupe ya mlango, mekundu, kwa michirizi.

Miimo miwili na kizingiti cha juu. Nilisimama pale na begi mgongoni, nikaelewa kila kitu.

"Koko..."

"Usisimame hapo kama mgeni. Shika hiki kikopo. Usimwage."

Nikakishika. Sijawahi kushika kitu kwa heshima kama ile, na nimeshika watoto wangu wawili siku waliyozaliwa. Hakueleza neno, nami sikuuliza, kwa sababu kwa akili yangu mambo kama hayo hayasemwi. Esperance aliteremka baadaye, akaukagua mlango, akanusa, akaitikia kwa kichwa kama fundi mkuu. "Bon," akasema, "hapo hawezi."

Na angalia: asubuhi iliyofuata sikusikia kitu chochote. Mama alirudi, akaingia, akavua viatu, akanywa chai, akalala, mimi bado nimezama usingizini kama jiwe. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limejaa dirishani. Nikajua mawese yameshaanza kazi.

Lakini Jumanne ilikuwa imefika. Nikasingizia tumbo ili nisiende shule. Saa tatu asubuhi gari jeupe likaingia uwanjani, Koko akalitambua mara moja kuwa si la kundi lake. Akashuka mzee mmoja Mmarekani mweusi, mnene, mwenye kofia na masharubu ya mvi, mgongoni kabeba mtungi, mkononi kashika daftari. Daftari! Akaja hadi mlangoni. Akasimama. Akautazama ule wekundu. Akagusa kwa kidole kimoja, akakinusa kile kidole, akakisugua kwenye kidole gumba, akakunja uso kama mtu anayekumbuka kitu.

Sikungoja. Nilitoka chini ya meza nikajitupa katikati ya mlango, mikono imenyooshwa huku na huku. Nilikuwa nimeandaa sentensi yangu siku tatu. Nilitaka kumwambia kwamba chanzo ni mimi, kiti nilikileta mimi, bibi hana kosa. Lakini neno chanzo kwa Kiingereza sikulijua, nikatumia la karibu, nikapiga kifua nikapaza sauti: "Ai em Biginingi!"

Yaani: mimi ndimi Mwanzo. Hebu fikiria mzee wa watu amekuja kuua kunguni, anakutana na mtoto mwembamba anayejitangaza kuwa mwanzo wa dunia.

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akanyoosha mkono. "Curtis," akasema. Alidhani ni jina langu. Na kuanzia hapo, mpaka siku ya mwisho tuliyomwona, aliniita Biginingi: Biginingi, shika tochi, Biginingi, mwulize bibi yako hivi.

Kwa hiyo badala ya kutoka nje kama karatasi ilivyoagiza, tulibaki kwanza, mimi mkalimani wa Mwangamizi. Akakagua magodoro. Akafika kwenye kiti cha kijani, akakigeuza, akapasua kitambaa cha chini kidogo kwa kisu, akamulika. Sitawasimulia tulichokiona. Ilikuwa kama kanisa siku ya Pasaka, watu wamejaa mpaka ngazini.

Bwana Curtis akatikisa kichwa. Kiti lazima kitoke. Nikamtafsiria Koko. Koko akakalia kiti.

"Mwambie nitakiosha."

Nikamwambia. Akasema hakioshwi.

"Mwambie nitakianika juani."

Nikamwambia. Akasema hata jua la huko kwenu halitoshi.

"Mwambie mimi hawa siwaogopi, nilipigwa unga wao nikiwa mtoto." Na bila kunisubiri akamwonyesha mwenyewe: akavuta kola ya gauni lake, akashika bomba la hewani, fuuu, akavuta mkono wa gauni, fuuu, akafumba macho akapiga chafya kubwa ya kijiji kizima.

Bwana Curtis akaweka mtungi chini. Uso wake ulifunguka wote. Akaanza kusema haraka, nami nikashika ninachoweza. Alikuwa amezaliwa hapo hapo mjini, upande wa Shively. Baba yake alifanya kazi hiyo hiyo, enzi hizo mji una gari la kufukiza dawa ya mbu, linapita mitaani jioni likifuka wingu jeupe nyuma. Na watoto wote wa mtaa, yeye wa kwanza, walikuwa wanakimbia ndani ya lile wingu, wanalimeza, wanapotezana, wanacheka. Mama yake alijua kwamba mumewe anakaribia nyumbani kwa kusikia watoto wanavyokohoa. Mzee akaigiza yote: akawa gari, akawa moshi, akawa mtoto anayekimbia mikono mbele kama kipofu, pale pale kwenye sebule yetu, na mwisho akapiga chafya yake.

Koko alicheka mpaka akalazimika kusimama. Na alipokwisha kusimama, kiti kikawa kitupu.

"Siku hizi," Bwana Curtis akasema, akijifuta machozi, "mtu angewapulizia watoto dawa ile, angefungwa." Nikatafsiri. Koko akajibu, "Mwambie ndiyo sababu sisi wawili hatufi. Tulishawekewa dawa." Nikatafsiri hiyo vizuri zaidi kuliko kitu chochote nilichowahi kutafsiri, na wazee wawili wakapeana mikono juu ya mtungi.

Alikitoa kiti mwenyewe. Huko nje akakichanachana kwa kisu na kuandika juu yake kwa rangi, asije mtu mwingine akakipenda. Koko alisimama dirishani akakiaga kama anavyoagwa ng'ombe mzuri. Kisha tukatoka wote, mama na blanketi lake, Koko na Biblia yake, tukakaa kwa akina Esperance, na chini yetu ile harufu ikawa inapanda kwenye sakafu, mafuta ya taa na peremende. Esperance alinivuta kando. "Kwa nini hakumuchukua?"

"Aligusa mawese," nikamwambia. "Aligusa, akabadilika."

Akakubali, maana naye siku hiyo alisingizia kichwa asiende shule. Alikuwa ameona kwa dirisha: kidole, pua, uso. Hivyo ndivyo uvumi wetu ulivyokamilika, ukathibitishwa na mashahidi wawili.

Bwana Curtis alirudi baada ya majuma mawili kupuliza mara ya pili, kama kazi inavyotaka. Chini ya kwapa alikuwa na kiti cha kukunja, chuma na mbao, kutoka kanisani kwake. "Hiki hakina pa kujificha hata kwa mdudu mwenye akili," akaniambia nimwambie Koko. Koko akampa chai ya maziwa kwenye vile vikombe vipya ambavyo mama hakutaka vitumike, na mto wa kukalia akaushona mwenyewe. Sikumwona tena Bwana Curtis baada ya hapo. Najua wengi walipokea mengi makubwa katika nchi hii. Mimi nikikumbuka ukarimu, nakumbuka kile kiti cha kukunja.

Miaka ikapita, na nikajipeleka Ohio mwenyewe, kwa hiari yangu. Columbus. Mchana nilipanga maboksi ghalani, jioni nilisoma, na nadhani nimebeba maboksi ya kutosha kujenga Columbus nyingine. Darasani tulikuwa na Mkenya mmoja aliyekuja kutusaidia kuandika, mpole, anachanganya lugha kama saladi. Siku moja tukaambiwa tuandike habari ya utoto, nikaandika kuhusu Mwangamizi wa Louisville, kwamba ni cheo cha serikali. Yule Mkenya akasoma, akashika kichwa.

"Wee! Hakuna kitu kama hiyo, buda. Huyo alikuwa wa pest control tu. Mtu wa kuua kunguni. Translation ndiyo iliwachoma."

Nikapokea masahihisho hayo kiungwana, nikafuta Mwangamizi kwa kifutio. Lakini sikufuta mawese. Neno lingeweza kuwa la kosa. Mlango niliuona kwa macho yangu.

Sasa ile aibu. Siku tulipopewa funguo za nyumba hii ya Black Rock, Jeanne akiwa bado anashusha vyombo kwenye gari, mimi nilitoa kichupa cha mawese nilichokificha mfukoni, nikapaka miimo miwili na kizingiti cha juu. Nilipaka kwa ukarimu. Watoto walitazama, mkubwa akauliza kwa Kiingereza ninafanya nini, nikamwambia shika kichupa, usimwage. Na sisimizi wa Buffalo yote wakapata habari.

Juma lililofuata baada ya kijana wa dawa kuondoka, mama alimleta Koko kutoka Louisville kwa gari, aje akae nasi. Ana miaka mingi sasa, hata yeye ameacha kuihesabu, na kile kiti cha kukunja kilikuja naye kwenye buti, mto juu yake. Alishuka polepole. Akasimama mbele ya nyumba, akaitazama kama anavyotazama mnyama kabla ya kumnunua. Akafika mlangoni. Wekundu ulikuwa umefifia lakini upo. Akagusa kwa kidole kimoja, akanusa.

"Nani amepaka mlango wako mawese?"

"Mimi, Koko."

"Kwa sababu?"

Nikamwambia. Nilisimulia yote pale kwenye ngazi, karatasi, Misri, Esperance, kidole cha Bwana Curtis, na jinsi yeye alivyopanda juu ya kiti na magoti yake mabovu ili asichukuliwe. Jeanne alikuwa ametoka, anasikiliza, mkono mdomoni. Koko alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akauliza, "Shule ya usiku ulisoma miaka mingapi?"

"Minne, Koko."

"Eh." Akanishika mkono, tukavuka kizingiti, akajaribu mlango kwa bega lake, mbele na nyuma, akiusikiliza. "Ule mlango wa Newburg ulikuwa unalia, bwana yangu. Mama yako akirudi kazini, mlango unalia, nawe unaruka unanikaba shingo. Mafuta mengine hatukuwa nayo. Nikapaka bawaba, nikapaka na pale unapokwama. Nilitaka ulale, basi."